Mwisho wa Gemu ya Poni, Ambao Wote Walininyima

Jumapili, mchana. Mvua ilianza tukiwa bado kanisani, ikatufungia humo mpaka pasta akaishiwa na mahubiri, akaanza kurudia yale yale. Sasa imekatika, mabati yanadondosha, na njia yetu hapa Mangateen, Juba, ni tope tupu. Nimekaa kitandani, miguu nimeifunika. Moyo mwepesi. Baada ya chakula nimelala kama mtoto mchanga, na mimi si mtu wa kulala mchana.

Muda mrefu nilikuwa na kitu kimenikaa hapa kifuani kama asida, ule ugali wetu, isiyoiva. Jana kimeshuka.

Naandika kabla sijasahau. Na wewe unayesoma, soma pole pole. Usiruke ruke, halafu uje kuniuliza huko chini maswali ambayo nimeshayajibu huku juu. Mnanichosha.

Kwa wale wapya: mimi ni mwanamke mzima. Shule niliishia darasa la tatu. Kuandika Kiswahili nilijifunza Kitale tulipokuwa wakimbizi, kwenye darasa la gumbaru, nimekaa benchi moja na wanaume wenye ndevu wanatoka jasho kwa sababu ya herufi. Siombi mtu msamaha. Nauza mkaa na dagaa mbele ya nyumba yangu. Na kila Jumamosi nakwenda Hai Amarat kucheza gemu.

Cheka. Ukimaliza, endelea kusoma.

Si zile gemu za kupigana risasi. Risasi nimezisikia za kweli, za bandia sina haja nazo. Zetu ni gemu za safari na mafumbo, ndogo ndogo, zinazotengenezwa na mtu mmoja au wawili nyumbani kwao, si makampuni makubwa. Unakuwa mtu fulani. Unatembea, unazungumza na watu, unaokota vitu, unatafuta namna ya kufungua mlango uliofungwa. Kiangazi chote nilicheza moja ya mwanamke anayemtafuta mbuzi wake katika mji ulioganda barafu. Mbuzi nilimpata. Alikuwa kanisani, na padri alijua, na hakusema.

Aliyenipeleka huko ni Poni, mjukuu wangu. Niseme ukweli, hakunipeleka. Nilikwenda kumtoa kwa sikio. Nilisikia kwamba msichana wangu kila Jumamosi anakaa nyuma ya hoteli ya Mganda pamoja na vijana wa kiume, wameinamia kompyuta. Nikavaa viatu vya kanisani, nikaenda. Mwenye hoteli, Mama Nakato, aliniona uso, akaniwekea chai kabla sijafungua mdomo. Nikasema nimalize chai kwanza, ndipo nigombe. Vijana walikuwa wamekwama mbele ya lango fulani kwenye skrini, wanabishana. Nikasogeza kiti nione wanabishania nini.

Sijatoka mpaka leo.

Kila mmoja pale ana jina lake la kuniita. Okello, Mganda anayetengeneza simu, ndiye mwenye kusimamia kundi, na kwake mimi ni Jajja. Majok ni mtoto wetu wa hapa lakini alikulia Nakuru, kwake mimi ni Shosho. Poni ananiita Habuba, kama mjukuu yeyote wa Juba anavyomwita nyanya yake. Nikiitwa na wote kwa pamoja sijui nigeukie wapi.

Tukimaliza kucheza, tunazungumza. Hapo ndipo nilipo na kazi. Mmoja anasifu picha, mwingine muziki, mimi nagomba. Ugomvi wangu ni mmoja na wote wanaujua: kwenye gemu hizi mtu anaingia nyumba ya watu bila hodi, anabeba kamba, anabeba kisu, anabeba mshumaa, anatia mfukoni, anatoka. Hakuna salamu. Halafu mnamwita shujaa! Huyo ni mwizi. Okello huniambia, "Jajja, hiyo ndiyo mchezo inataka." Mimi humwambia mchezo haujalelewa vizuri.

Kundi lina sheria mbili, na ni lazima uzijue, maana ndizo zilizonitesa.

Ya kwanza: aliyemaliza gemu hafungui mdomo kwa yule ambaye bado. Ukimwambia mwenzako mwisho, unamnunulia kila mtu soda. Ya pili: mtu akileta gemu aliyoitengeneza mwenyewe ili tuijaribu, anakaa nyuma ya anayecheza na hasemi neno. Upotee, ugonge ukuta, umtukane, yeye kimya. Na wewe unayecheza unasema kwa sauti kila unachowaza, ili asikie. Sheria hii ya pili sikuipenda tangu mwanzo. Kijana anakaa nyuma ya mgongo wa mtu mzima, ananyamaza kama jiwe? Kwetu hiyo ni dharau. Lakini nilifuata.

Sasa, Poni.

Poni ni mtoto wa binti yangu Keji. Nimemlea mimi. Anafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja ya wageni huko Thongpiny, anarudi jioni amechoka, anakula, anafungua laptopu. Nilijua anatengeneza gemu yake. Nikisogea anafunika skrini kwa mkono. Nikasema haya, mwache, itaiva.

Ikaiva nikiwa na malaria. Nilikosa Jumamosi kadhaa, na humo humo wote wakaicheza.

Niliporudi, nilikuta watu wana sura za ajabu. Mama Nakato aliniwekea chai na mandazi ambayo sikuagiza. Majok, ambaye huongea kama redio, alinisalimia huku anaangalia chini. Mwishowe akashindwa kujizuia.

"Shosho, ile mwisho ya basi, aki iliniua kabisa."

Okello akampiga teke chini ya meza. Nililiona lile teke.

"Basi gani?"

"Hakuna basi, Jajja."

"Okello, usinifanye mtoto. Gemu ya Poni ina basi gani?"

"Mimi hapana sema kitu. Wewe keti, cheza, utajua."

"Niambie tu, macho bado yanauma na dawa."

"Jajja!" akacheka. "Mimi nilisema mbuzi iko kanisani, nani alinilipisha soda ya watu wote? Si ni wewe?"

Ni kweli, ni mimi. Na soda niliinywa.

Nikamgeukia Mama Nakato, ambaye hachezi kitu, yeye hupita tu na sahani akichungulia. Nikamwuliza taratibu, kama mwanamke kwa mwanamke. Akasema, "Ni msichana na nyanya yake. Mengine usiniulize, mimi ni mtu wa kupika."

Msichana na nyanya yake. Na basi.

Niliondoka bila kucheza. Nikasema kichwa bado kinauma. Kichwa kilikuwa kizima. Niliogopa, na mimi sipendi neno hilo.

Maana nyumbani nilikuwa nimeanza kuona mambo. Poni alikuwa amenunua begi jipya, kubwa, akalisukuma chini ya kitanda chake kana kwamba mimi sifagii. Simu ikilia anatoka nje. Mara mbili niliporudi kutoka kisimani nilimkuta amekaa karibu na sanduku langu la bati, hafanyi kitu, amekaa tu.

Sanduku hilo lina karatasi zetu zote. Vyeti vya kuzaliwa, vya ubatizo, pasi za kusafiria, vitambulisho vya Kenya vya ukimbizi ambavyo havina kazi tena. Kila nyumba Juba ina sanduku au mfuko wa namna hiyo, wa kunyakua na kukimbia. Kwangu ufunguo unakaa kiunoni, kwenye kamba, chini ya nguo. Naoga nao.

Na kuna jambo ambalo sijaliandika humu kabla. Keji, mama yake Poni, hakuniaga. Aliondoka asubuhi akasema anakwenda sokoni. Ujumbe ulinifikia akiwa njiani, ameshavuka mpaka. Poni alikuwa anacheza uani na kifuniko cha sufuria. Keji yuko hai, ana mume huko, hupiga simu Krismasi. Sina la kusema juu yake. Lakini tangu siku hiyo mtu akiniambia "nafika hapo tu, narudi", mimi humwangalia viatu.

Kwa hiyo nilipokuwa nimelala na malaria imeisha, kilichokuwa kinanitoa jasho kilikuwa hiki: mtoto amechora njia yake ya kuniacha, kundi zima limeitembea njia hiyo, wanajua atatoka lini na kwa mlango gani, na mimi peke yangu ndiye nisiyejua. Kwa sababu ya sheria. Kwa sababu ya soda!

Ningeweza kumwuliza Poni. Utasema hivyo, nakujua. Ningemwuliza mwanangu kwa mdomo, angenijibu kwa mdomo. Lakini nilikuwa naona nikiuliza nitaambiwa, na nikiambiwa nitajibu vibaya, na nikijibu vibaya ataondoka usiku huo huo. Bora nisijue.

Jana nikachoka. Nikasema kalas, yatosha. Nikavaa, nikamwambia Poni, "Leo nacheza gemu yako." Akaacha kijiko ndani ya chai.

Tulifika mapema, mvua ikiwa bado mbali. Okello alifuta kiti kwa shati lake. Akaniwekea laptopu, akaniwekea kipanya mkono wa kulia, akarudi nyuma. Majok akakaa kwenye kreti ya soda. Poni akakaa nyuma yangu, karibu, nikimsikia anapumua. Hakusema kitu. Sheria.

Gemu ikafunguka.

Jambo la kwanza, maneno yalikuwa ya Kiswahili. Gemu zote tunazocheza ni za Kiingereza, Poni ndiye hunisomea. Hii alikuwa ameiandika kwa lugha ninayoisoma mwenyewe. Baadaye nilisikia Majok alimwambia aandike Kiingereza ili watu wa nje waielewe, akakataa.

Jambo la pili, ilikuwa nyumba yangu. Mabati yangu, mkaa wangu kwenye mafungu, ndoo ya njano yenye ufa. Na ndani, kwenye mkeka, mama mzee amelala chali, mdomo wazi. Leso yangu. Hata goti amelifunga kitambaa kama ninavyolifunga mimi wakati wa mvua.

"Mimi silali mdomo wazi," nikasema kwa sauti, maana sheria inataka useme. Watu wakakohoa.

Mimi nilikuwa msichana. Hiyo ndiyo gemu: wewe ndiye msichana, una begi, na basi linakwenda. Juu ya skrini pakaandikwa: *Basi linaondoka leo. Karatasi zako ziko ndani ya sanduku. Ufunguo uko chini ya mto wa Habuba.*

Nikaachia kipanya. Basi, nikajua. Ni hivyo hivyo nilivyowaza.

"Shosho, bonyeza tu mto," Majok akanong'ona.

"Kimya wewe!" Okello akamkata.

"Sibonyezi," nikasema. "Mtu mzima amelala, nimwingizie mkono chini ya kichwa? Mmelelewa na nani nyinyi? Na nyote mlibonyeza?"

Nikageuka. Okello alikuwa anajikuna shingo. Majok anaangalia kreti. Wote walibonyeza. Waliiba ufunguo, wakafungua sanduku, wakapanda basi, na gemu ikaisha, wakasema inasikitisha, nzuri sana. Wajinga.

Sikutaka kuiba. Lakini sikujua nifanye nini, maana mlango wa kutokea barabarani haukunifungulia bila karatasi. Nikazunguka zunguka mle ndani. Nikatoka uani. Nikaona ufagio umeegemea ukuta. Nikasema, haya, kama sina la kufanya, nifagie, uwanja mchafu. Nikabonyeza. Yule msichana akafagia. Alifagia pole pole, na sauti ya ufagio ilikuwa ya kweli, Poni aliirekodi kwangu, naijua.

Ndani mama mzee akakohoa. Akaamka.

Nikasikia Okello ameacha kutafuna.

Nikamrudisha msichana ndani. Nikabonyeza kusalimia. Yule mama akasema: *Umekula?* Yakaja majibu mawili ya kuchagua, *Nimekula* na *Bado*. Mtoto anayekwambia nimekula huku amevaa viatu ni mwongo mwenye haraka. Nikachagua *Bado*. Wakakaa wote wawili wakala. Hakuna kilichotokea kwa muda, sahani tu na mikono. Majok akapiga mwayo. Nikamwambia akichoka aende nje.

Kisha yakatokea maneno mapya chini, na nikayasoma kwa sauti, herufi moja moja: *Habuba, nataka kwenda.*

Majok akainuka kwenye kreti. Hata Mama Nakato alisimama na sahani zake.

"Hii mimi hapana ona," Okello akasema taratibu.

"Hakuna mtu amewahi fika hapo," Majok akasema. "Hakuna hata mmoja."

Nikabonyeza. Yule mama mzee akainua uso: *Kwenda wapi? Nyumba hii ina ubaya gani? Nani amekudanganya?* Moja kwa moja, bila kupumua. Nilitaka kusema sivyo ninavyoongea. Sikusema, maana ndivyo ninavyoongea.

Yakaja majibu mawili tena. La kwanza: *Basi, siendi.* La pili: *Nitakwenda. Lakini sitaki kwenda bila wewe kujua.*

Niligeuka kumtazama Poni. Alikuwa ameuma ukosi wa blauzi yake, macho yamejaa, na kimya. Hapo nikaielewa ile sheria. Angefungua mdomo kidogo tu, mimi ningekuwa nimeshamjibu, nimeshamkatiza, nimeshashinda. Sasa hakusema, na maneno yake nilikuwa nayo mkononi mimi. Kama yatasemwa, nitayasema mimi.

Nikabonyeza la pili.

Mama mzee wa kwenye skrini hakujibu. Alikaa. Nikangoja. Akaendelea kukaa, ameangalia sahani. Nikabonyeza tena, hakuna kitu. Nikapandwa na hasira.

"Mjibu mtoto, wewe mwanamke!" nikamwambia. "Amekwambia ukweli, unangoja nini? Umekalia nini hapo?"

Watu wakaangua kicheko, Okello akapiga meza, na mimi ilinichukua muda kujua wanacheka nini. Nilipojua, nilicheka pia. Kidogo.

Na yule mama akaingiza mkono chini ya mto, akautoa ufunguo, akauweka mkononi mwa msichana. *Chukua. Vaa sweta. Nitakusindikiza.*

Nililia. Majok akisema nililia sana ni mwongo, nililia kiasi. Nikawaambia waangalie kwingine, wakaangalia kwingine, wote, hata Mama Nakato na sahani zake. Ni watoto wazuri, sema hawana adabu.

Kwenye gemu wakafungua sanduku pamoja. Wakatembea pamoja mpaka steji, mama mzee nyuma kwa sababu ya goti. Basi likaja. Msichana akapanda. Skrini ikawa nyeusi, ikaandika *Mwisho*.

Mazungumzo ya jana sikuyangoja. Walikuwa wanabishana juu ya ufagio, Majok anaapa kwamba aliuona akadhani ni pambo tu, Okello anamwita kipofu. Nilimshika Poni mkono, tukatoka hadi kibarazani, na mvua ikatukamatia hapo hapo. Bodaboda zote zilikuwa zimekimbia. Ikabidi tusimame tuzungumze.

"Unakwenda wapi?" nikamwuliza. Na nikafunga mdomo. Iliniuma, lakini nilifunga.

Kampala. Kuna mahali wanafundisha watu kuchora na kutengeneza gemu, aliwaonyesha yake, wamemkubali. Ni mpaka Krismasi, kisha anarudi, kazi yake Thongpiny wamekubali kumwekea. Alisema yote bila kunitazama, kama mtu anayekiri kwa padri.

"Ungeniambia kwa mdomo," nikasema. "Mtu anajenga nyumba nzima ndani ya kompyuta, anachora goti la nyanya yake, badala ya kusema neno moja?"

"Habuba, nilianza kukwambia mara tatu. Kila mara unakataa kabla sijafika katikati."

"Mimi?"

"Siku ya kwanza nilisema 'Habuba, Kampala', ukasema 'Kampala kuna nini, kaa hapa.'"

Nilikumbuka. Nilikuwa napima dagaa.

Akaniambia mengine, na haya niliyameza kwa shida. Ule mwisho wa kuiba ndio aliouandika kwanza. Aliuandika akiwa na hasira, na alimaanisha. Begi lile, kukaa karibu na sanduku, yote nilivyodhani ndivyo ilivyokuwa. Angekwenda kama mama yake. Kisha akaujaribu mwenyewe, akamwona yule msichana anaingiza mkono chini ya mto, akasikia sauti yangu inamwita mwizi. Hapo hapo, kichwani mwake, kama ninavyowagombeza wenzake kila Jumamosi. Akashindwa kulala. Akaanza kuandika mwisho mwingine, akauficha nyuma ya ufagio.

"Kwa nini uufiche?"

"Nilitaka uuone wewe kwanza. Na nilijua wao hawafagii."

Nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Kwa hiyo nimepumua. Utaniuliza napumua nini wakati mtoto anaondoka. Anaondoka, ndiyo. Nyumba itakuwa kubwa na nitapika asida nyingi kupita kiasi, najijua. Lakini kuondoka ni kitu kimoja na kuachwa ni kingine. Mimi nimeachwa, nayajua yote mawili. Huyu ameniaga. Amekaa mwaka mzima akijifunza kuniaga.

Leo baada ya kanisa nimefungua sanduku. Nimemwita akae kwenye mkeka, nikamwambia achukue pasi yake kwa mkono wake mwenyewe, mchana, macho yangu yakiona. Akachukua. Akataka na cheti cha ubatizo, nikamwambia hicho kinabaki, Kampala hawamfundishi mtu kuchora kwa cheti cha ubatizo. Nikafunga. Ufunguo umerudi kiunoni.

Lakini sijamaliza na gemu yake. Kuna kosa, na nimemwambia sasa hivi, hata kabla ya kuandika haya.

Basi likiondoka, skrini inakuwa nyeusi. Haya. Na yule mama mzee? Yuko steji. Ana goti bovu, jua linawaka, mtoto amekwenda, na gemu imemwacha amesimama pale. Anarudi nyumbani vipi? Nani anamjua pale? Amekula?

Poni akavuta laptopu, akauangalia upya mwisho wake. Hakuwa amefikiria. Amechora kila jani la mti wa jirani, hilo hakulifikiria.

Nikamwambia mwisho haujaisha, aurudishe kazini kabla ya safari. Akaniuliza, sasa Habuba, yule mama afanye nini, nikuandikie nini? Nikawaza. Nikamwambia aandike kwamba ataangalia basi mpaka lipotee, hilo ni lazima. Kisha atagombana na mtu wa bodaboda juu ya bei, na atashinda. Atanunua sukari. Atafika nyumbani, atafagia. Na Jumamosi atakwenda alikozoea kwenda, atawagombeza wezi.

Anaandika sasa. Namsikia chumba cha pili, tik tik tik kwenye vitufe, na mara nyingine ananiita kuuliza sukari ni ya kilo au ya nusu. Kesho atanionyesha, na kesho nitagomba tena, maana najua atakosea.

Nimempigia kelele kutoka hapa kitandani, asisahau moja: pale steji, wakati basi linaondoka, amwekee yule mama kiti.